Usaili wa kazi za kompyuta kwenye kampuni za kati, Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila baada ya wiki chache kijana hunipigia simu kutoka Katuba, Ruashi au Kamalondo, ametoka kwenye usaili na moyo umemshuka. Maswali ni yaleyale. Nimefanya kazi ya kompyuta humu mjini miaka kumi na miwili, sita kati yake nikiwa nimeazimishwa na kampuni moja kwenda kuifanyia kazi nyingine, na mara kadhaa nimekaa upande wa pili wa meza. Nimeyakusanya maswali hapa ili nisiwe namjibu kila mmoja nusunusu kwa WhatsApp.

## Mambo ya mwanzo

1. Kampuni ya kati ni nini? Si ndiyo inayoniajiri?

Ni kampuni inayouza kazi ya watu. Mgodi, benki au kampuni ya simu inahitaji fundi wa mtandao, mtu wa helpdeski (anayewasaidia wafanyakazi kompyuta zikiwasumbua) au mwandishi wa programu, lakini haitaki kumwajiri yenyewe. Inaagiza kwa kampuni nyingine. Hiyo nyingine ndiyo inayokusaili, inayokupa mkataba na kukulipa, ila kiti utakachokalia ni cha mteja. Mteja analipa bei ya siku au ya mwezi kwa ajili yako, kampuni ya kati inakata yake, nawe unapewa inayobaki. Huku wote tunaiita sutretansi.

Kwa hiyo yule anayekuuliza maswali mara nyingi hana uwezo wa kukupa kazi. Anaweza kukupendekeza tu. Karibu kila jambo linalowaumiza watu katika ukurasa huu linaanzia hapo.

Mji wetu umemjua mtu wa kati tangu ulipozaliwa. Bourse du Travail du Katanga ilianzishwa 1910, mwaka uleule wa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ili iwatafute wanaume vijijini na kuwapeleka migodini. Babu zetu nao walikaguliwa na mtu ambaye siye angewafanyisha kazi.

2. Kazi zenyewe zinatoka wapi?

Milango ni mitatu. Wa kwanza ni migodi ya njia ya Likasi, Fungurume na Kolwezi. Wa pili ni benki, kampuni za simu na mashirika ya hapa mjini. Wa tatu ni kampuni za mbali, hasa Ufaransa, Ubelgiji na Afrika Kusini, zinazotaka mtu wa kufanya kazi kwa intaneti. Kwenye mlango huo wa tatu unashindana na vijana wa Moroko, Tunisia, Senegal na Madagaska, nchi zilizozoea kuhudumia wateja wa Kifaransa kwa miaka mingi.

Kwa mlango wa kwanza, ijue sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017. Imeweka kazi za sutretansi mikononi mwa kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Ni sheria nzuri, naiunga mkono. Lakini pia ndiyo sababu utakutana na kampuni ambazo ofisi yake ni chumba kimoja na muhuri, zinazotafuta watu kwanza na kazi baadaye.

3. Hatua za usaili ni ngapi?

Kwa kawaida nne: simu fupi, jaribio, mazungumzo na fundi wa kampuni ya kati, halafu mteja. Hatua ya mteja ndiyo inayoamua. Ukiambiwa "umefaulu" kabla ya hapo, furahi kidogo tu.

## Yanayovunja moyo zaidi

4. Nilifaulu kila hatua, wakasema "tutakupigia", sasa ni mwezi wa pili na simu hailii. Nilikosea wapi?

Inawezekana hukukosea popote. Inawezekana kazi haikuwepo.

Mgodi unapotangaza zabuni, unataka kuona majina: nani atafanya kazi, ana diploma gani, ana miaka mingapi. Kampuni za kati tano au sita zinaikimbilia zabuni hiyo, na kila moja inahitaji CV nzuri za kuambatanisha. Basi zinaita watu kwenye usaili. Usaili ni wa kweli na maswali ni ya kweli, ila kiti hakijapatikana. Zabuni ikienda kwa jirani, kampuni nne au tano zinabaki na mafungu ya CV na hakuna anayechukua simu kuwaambia wenye nazo. Wewe nyumbani unajilaumu kwamba ulijibu vibaya swali la anwani za mtandao.

Mimi yamenikuta. Niliitwa mara tatu kwa kazi ya Kolwezi. Mara ya tatu mkurugenzi alinishika mkono akaniuliza namba yangu ya viatu vya usalama. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu Jumatatu naondoka. Tuliaga hata majirani. Jumatatu ikapita, na iliyofuata. Nilikuja kujua kwa fundi wa kampuni nyingine kwamba zabuni walikuwa wameikosa siku kumi kabla ya ule usaili wa tatu. Aibu ya kukutana na majirani wale asubuhi ilinikaa muda mrefu kuliko hasara ya kazi.

Tangu hapo swali langu la kwanza, kabla hata ya mshahara, ni hili, na linaulizwa kwa heshima: "Papa, hii nafasi iko tayari, ao mungali munangojea jibu ya mteja?" Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa kuuliza. Wakijibu kwamba mkataba umesainiwa, uliza tarehe ya kuanza. Wakijibu kwamba wanangoja, shukuru, endelea na usaili kwa bidii, na kesho yake peleka CV kwingine. Usiache kazi uliyo nayo, wala usihamishe watoto shule, kwa sababu ya kiti kinachongojewa.

5. Mteja aliniuliza kuhusu uzoefu nisiokuwa nao. Akanionyesha CV: jina langu, lakini si CV yangu. Imekuwaje?

Kampuni ya kati iliipamba. Miaka miwili inageuka mitano, na mafunzo ya wiki moja yanakuwa cheti. Wanafanya hivyo ili upite kwenye mchujo, halafu wanakuacha peke yako mbele ya mtu anayejua kazi yake.

Mteja mmoja aliwahi kunihoji kuhusu miaka mitano ya Oracle, programu ya kuhifadhi data. Nilikuwa na miezi miwili. Nilimwambia: "Bwana, karatasi hiyo sikuiandika mimi, miaka yangu ni hii na hii." Kiti nilikikosa. Lakini mwaka uliofuata mteja yuleyule alinitafuta mwenyewe kwa kazi ya mtandao, akikumbuka jibu hilo. Siahidi kwamba litakutokea na wewe. Ninachojua ni kwamba ukinyamaza ukajifanya unajua, utaumbuka siku ya kwanza seva itakapoanguka, na lawama itabeba jina lako, haitabeba la kampuni.

Omba nakala ya CV waliyoituma, kwa barua pepe, kabla ya kukutana na mteja. Wakikataa kukupa, hilo lenyewe ni jibu.

6. Jaribio walilonipa lilichukua wiki nzima. Ni halali?

Jaribio la saa mbili hadi nne ni la kawaida. Likifika siku mbili, uliza malipo. Wiki nzima ni kazi.

Dalili zipo. Jaribio la kweli lina jibu ambalo msahihishaji analijua tayari, na data yake ni ya kubuni. Kazi iliyojificha ina jina la mteja ndani yake, ina orodha halisi za vifaa au wafanyakazi, na mwishoni unaombwa uiweke kwenye seva yao "ili tuone inavyofanya kazi". Dada mmoja niliyemfundisha aliandika programu ndogo ya kuhesabu vipuri vya ghala, usiku saba, akitumia mwanga wa betri. Walimwambia hakufaulu. Miezi mitatu baadaye rafiki yake aliyeajiriwa pale alimtumia picha ya skrini: ni programu yake, hata kosa lake la tahajia limo bado.

Ukipewa jaribio kubwa, fanya sehemu moja vizuri, eleza kwa maandishi ungefanyaje zilizobaki, na ulionyeshe kwenye kompyuta yako mwenyewe katika mazungumzo ya video. Msaili mwenye nia njema atatosheka na hilo.

7. Aliyenisaili hakuijua kazi kabisa. Alikuwa anasoma maswali kwenye karatasi. Nifanyeje?

Mpe maneno ya karatasi yake. Kama tangazo limeandika Active Directory, nawe ukajibu "nasimamia akaunti za wafanyakazi kwenye seva ya Windows", wewe umesema kweli lakini yeye hakuona neno analolitafuta, anaweka alama ya hapana. Sema neno lenyewe kwanza, kisha eleza.

Usimwonyeshe kwamba hajui. Ametumwa. Maneno yako mazito yaweke kwa fundi wa hatua ya tatu.

8. Tangazo lilitaja dola fulani, mwishoni wakataja karibu nusu. Ni wizi?

Wakati mwingine ndiyo. Mara nyingi ni hesabu mbili tofauti. Tangazo linataja jumla kabla ya makato, na wewe unafikiria pesa ya mkononi. Kwenye jumla hiyo inatoka kodi ya mshahara na mchango wako wa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambao ni 5%. Kisha kuna yale yasiyoandikwa: nauli ya Kolwezi ni ya nani, na ni kama kilomita 300? Malazi? Chakula? Mshahara unaoonekana mnono Lubumbashi unaweza kuisha kwenye kodi ya chumba Kolwezi.

Na kuna swali ambalo karibu hakuna anayeuliza: mkataba wa mteja ukiisha kabla ya wakati, nitalipwa nikiwa nangoja mteja mwingine? Kampuni nyingine hulipa yote, nyingine sehemu, nyingine hazilipi kitu. Taka jibu liandikwe.

## Saa, umeme na lugha

9. Niliingia kwenye usaili wa video saa waliyosema, sikumkuta mtu. Baadaye wakaniandika kuwa sikutokea. Kwa nini?

Huenda mlikuwa kwenye saa tofauti. Kongo yetu ina saa mbili: Lubumbashi, Goma na Bukavu wako saa moja mbele ya Kinshasa. Ofisi ya Kinshasa ikiandika 10h00 bila kufafanua, kwako ni 11h00. Paris na Brussels ziko sawa na sisi wakati wa kiangazi chao, na saa moja nyuma yetu wakati wa baridi. Johannesburg na Lusaka ni saa yetu mwaka mzima. India wametutangulia kwa saa tatu na nusu.

Jibu kila mwaliko kwa kuandika: "Nimepokea, 11h00 saa ya Lubumbashi." Sentensi hiyo moja imeokoa watu wengi ninaowajua.

10. SNEL, shirika la umeme, ikikata umeme katikati ya mazungumzo?

Mwambie msaili mwanzoni kabisa, kwa utulivu, kwamba umeme unaweza kukatika na kwamba utarudi kwa simu baada ya dakika mbili. Kisha rudi kweli. Simu iwe imejaa chaji na data, maana video inaweza kula GB 1 kwa saa. Ikibidi zima video ubaki na sauti. Nimeona watu wakipewa kazi hasa kwa sababu ya namna walivyorudi, kwani kazi ya helpdeski ndiyo hiyo: kitu kimeanguka, umefanya nini?

11. Kifaransa changu ni safi, Kiingereza kinakwama. Nijitoe?

Usijitoe. Migodini utafanya kazi na Wazambia, Waafrika Kusini na Wachina, na wengi wao Kiingereza chao nacho ni cha kazini tu. Wanachotaka kusikia ni kama unaweza kueleza hitilafu: nini kimeharibika, tangu lini, umejaribu nini, unahitaji nini. Jifunze kusema mambo hayo manne kuhusu hitilafu kumi unazozijua kwa mikono yako. Fanya kwa sauti, mbele ya mtu.

## Pesa, karatasi na sheria

12. Wananiomba dola 50 za dosie, au za mafunzo ya lazima kabla ya kuanza.

Ondoka. Kampuni ya kati inakula kwa mteja. Ikitaka kula kwako, basi mteja hayupo.

13. Wanataka nakala ya pasipoti, kadi ya mpiga kura na diploma zote kabla hata ya kuniona. Nitume?

Diploma na CV, ndiyo. Kitambulisho kingojee hadi kuwe na mkataba wa kuandika. Nchi yetu ina kanuni ya dijitali, ordonansi-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inalinda taarifa za mtu binafsi, kwa hiyo una haki ya kuuliza karatasi zako zitatumika kwa nini. Ukilazimika kutuma, andika juu ya nakala, kwa mshazari: jina la kampuni, nafasi unayoomba, tarehe. Nakala ya namna hiyo haitumiki kirahisi kufungulia laini ya simu au kuombea mkopo.

14. Kipindi cha majaribio kinaweza kudumu miezi mingapi?

Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kisizidi mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, na miezi sita kwa wafanyakazi wengine, nacho lazima kiandikwe. Sheria hiyohiyo inasema kwamba mkataba usioandikwa unachukuliwa kuwa wa muda usio na kikomo, hadi ithibitike vinginevyo. Kwa hiyo anayekuweka "kwenye majaribio" mwaka wa pili bila karatasi yuko nje ya sheria. Mlango wa kugonga ni wa Inspeksheni ya Kazi. Nenda na ujumbe wa simu, risiti za malipo, beji ya kuingilia getini, chochote chenye tarehe.

15. Waliniuliza kama nimeolewa, nina mimba, na mume wangu atakubali nilale Kolwezi.

Mama, dada, swali hilo halipimi ufundi wako. Sheria ya kazi inakataza kumtaka mwanamke anayeomba kazi apime mimba, na sheria nambari 15/013 ya tarehe 1 Agosti 2015 imeweka usawa wa wanawake na wanaume kazini. Jibu ninalowashauri wadogo zangu ni moja: "Ratiba ya kazi nimeisoma na ninaiweza." Halafu nyamaza, acha kimya kifanye kazi yake. Wakirudia, wewe ndiwe utakayepima kama unataka kufanya kazi na watu hao. Najua ni rahisi kwangu kusema nikiwa mwanamume. Nimewaona wanawake wakijibu hivyo na kuajiriwa, nimewaona pia wakijibu hivyo na kuachwa, na walioachwa hawakukosea.

## Hali zisizo za kawaida

16. Kampuni mbili zimenipeleka kwa mteja mmoja bila mimi kujua. Sasa wote wamenyamaza.

Hutokea sana, kwa sababu mji ni mdogo na migodi ni ileile. Mteja akiona jina moja limeletwa na kampuni mbili, kwa bei mbili, mara nyingi anazifuta zote asiingie kwenye ugomvi wa nani alikuleta kwanza. Kabla ya kuruhusu CV yako itumwe, uliza jina la mteja, na uwe na daftari: tarehe, kampuni ya kati, mteja. Kampuni ikikataa kumtaja mteja, iandikie kwamba hujairuhusu kukupeleka popote mpaka imtaje.

17. Kampuni ya mbali inanikubali, lakini kama "mtu wa kujitegemea", si mwajiriwa.

Inaweza kuwa kazi nzuri. Ila fahamu kwamba kwa mkataba wa namna hiyo likizo, CNSS na ile kinga ya swali la 14 kwa kawaida havimo. Bei yako iwe kubwa zaidi kwa sababu hiyo. Kabla ya kusaini pata majibu matatu kwa maandishi: nalipwa kwa fedha gani, kwa njia gani, na gharama ya kutuma pesa ni ya nani. Mwezi wa kwanza usipolipwa, usianze wa pili.

18. Nimetoka Goma, karatasi zangu nyingi zimebaki. Wasaili wanaona pengo kwenye CV na hawaniiti tena.

Wengi mmefika hapa tangu Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Benki zilifungwa, ofisi zikasimama, na watu waliokuwa wakifanya kazi kwa intaneti wakapoteza wateja kwa wiki chache. Pengo hilo si kosa lako, na usilifiche kwa tarehe za uongo. Andika mstari mmoja: "2025: nimehama kutoka Goma." Anayeishi nchi hii ataelewa.

Kuhusu karatasi, vyeti vingi vya kompyuta, kama vile vya Cisco, vinathibitishwa kwa intaneti ukiwa na akaunti yako, kwa hiyo anza na hivyo. Kwa diploma, mwandikie mwalimu au mkuu wa idara aliyekufundisha, popote alipo sasa, akupe barua ya kuthibitisha. Na omba uonyeshe kazi kwa mikono. Fundi kutoka Goma nilikaa naye mezani bila karatasi hata moja. Nilimpa swichi na kebo, dakika ishirini zilitosha.

19. Kampuni iliyoninyamazia imenipigia baada ya miezi mitano, inataka nianze kesho.

Zabuni imeamka, au aliyekalia kiti ameondoka. Ukiwa huna kazi, nenda ukawasikilize bila kinyongo, ila yale makubaliano ya zamani yamekwisha: rudi kwenye maswali ya 4, 5 na 8, uulize upya kiti, CV waliyoituma na pesa ya mkononi. Wakisema hakuna muda wa mkataba, uanze tu, utafuata baadaye, waombe walau barua pepe yenye tarehe, nafasi na mshahara kabla hujapanda gari. Inaandikwa kwa dakika tano.